Tushuke Gati Gani? Hija ya Ziwani na Wenye Mwendo Mgumu



Ndugu wapendwa, juma hili tunaomba ruhusa yenu tutafakari jambo ambalo limezungumzwa sana katika jumuiya zetu ndogondogo tangu mvua zikatike. Jambo lenyewe ni hija ya ziwani. Wazo ni jema, nasi tunawapongeza walei walioliibua. Waamini wa Mitundu watoke huku kwenye vichaka vyetu vya Itigi, wafike Mwanza, wapande meli usiku, na waamkie Bukoba, alikozikwa Mwadhama Laurean Kardinali Rugambwa, aliyefanywa kardinali mwaka 1960, Mwafrika mweusi wa kwanza wa nyakati zetu kupewa wadhifa huo. Orodha ya vituo iliyopendekezwa ni ndefu: Kagunguli katika kisiwa cha Ukerewe, Kemondo, Bukoba mjini, kisha Kashozi. Vituo vinne kwa siku chache.

Baada ya orodha kusomwa liliulizwa swali fupi: na wazee je? Na wale ambao mguu mmoja haukurudi sawasawa baada ya kiharusi, wale wa mikongojo, wale wenye magoti ya baridi yabisi, na wale wanaotembelea kiti cha magurudumu? Yametolewa majibu matatu. La kwanza: wabaki nyumbani, tutawaletea maji ya baraka na picha. La pili: waje, lakini kwenye vituo vigumu wabaki melini au kwenye nyumba ya wageni. La tatu: orodha ipunguzwe, vichaguliwe vituo ambavyo wote wanaweza kushuka.

Sisi tunaliunga mkono jibu la tatu, tena tunaliongezea. Tunasema kwamba katika hija ya parokia, mwenye mwendo mgumu ndiye awe wa kwanza kuulizwa tushuke wapi, na kwamba vituo viwili ambavyo wote wamevifika ni bora kuliko vituo vinne vilivyofikiwa na nusu ya msafara. Tunaomba mtuvumilie tueleze kwa nini, maana jambo hili halimalizwi kwa huruma peke yake. Lina hesabu zake.

Hesabu ya kupanda na kushuka

Tunapopanga safari sisi wenye miguu mizima huhesabu kilomita na nauli. Mwenye nyonga mbovu hahesabu kilomita. Akishaketi vizuri, kilomita mia nne ni sawa na kilomita arobaini, mradi mgongo una pa kuegemea. Yeye huhesabu mara ngapi atapanda na mara ngapi atashuka. Kila kupanda kuna ngazi, kila ngazi ina kimo chake, na kila kushuka kuna watu nyuma wanaosukuma.

Tuhesabu basi kwa macho yake. Tukienda Bukoba tu, kwa basi la kukodi litokalo Mitundu hadi Mwanza, atapanda basi, atapanda meli, kisha atapanda gari dogo kutoka bandarini Bukoba hadi mjini. Ni kupanda mara tatu na kushuka mara tatu. Kurudi ni vivyo hivyo. Jumla ni sita na sita. Tukiongeza Ukerewe, itabidi apande chombo cha kwenda Nansio, apande gari la kwenda Kagunguli, apande gari la kurudi Nansio, na apande tena chombo cha kurudi Mwanza. Sita zimekuwa kumi. Kwa kijana wa VIWAWA tofauti hiyo ni upepo mzuri wa ziwa. Kwa mzee wa fimbo huenda hiyo ndiyo tofauti kati ya kurudi nyumbani akiimba na kurudi akiwa kitandani kwa wiki tatu.

Tukumbuke pia kwamba si kila kushuka ni sawa. Kuna kituo ambacho chombo kinapita, na kuna kituo ambacho chombo kinalala. Pale chombo kinapopita, nahodha au dereva ana saa yake, mizigo inarushwa, abiria wapya wanataka kuingia kabla wa zamani hawajatoka. Pale chombo kinapolala hakuna haraka hiyo. Umati ukishatoka, mzee aliyesubiri kwenye kiti chake anashuka taratibu, ngazi moja baada ya nyingine, mkono mmoja kwenye chuma na mwingine kwenye bega la mjukuu. Kanuni hii ni rahisi nayo inafaa kwa basi, treni na meli: ukiwa na mwenye mwendo mgumu, chagua mahali chombo kinapolala.

Kanuni hiyo inaanzia hapa hapa kwetu. Anayetaka twende kwa treni ya reli ya zamani akumbuke kuwa Itigi ni kituo cha njiani. Ngazi ya behewa iko juu ya usawa wa ardhi, na treni haisimami kwa sababu ya mguu wa mtu mmoja. Ndiyo maana, ingawa treni ina raha yake, tunaona afadhali basi la kukodi linalosimama mlangoni pa kanisa na kungoja.

Wala tusifikiri kwamba habari ya kushuka ni ndogo. Tarehe 20 Septemba 2018 kivuko cha MV Nyerere kilipinduka katika Ziwa Victoria kikiwa karibu kabisa na gati la Bwisya katika kisiwa cha Ukara, na watu zaidi ya 220 wakapoteza maisha. Gati lilikuwa linaonekana kwa macho. Tunawataja marehemu hao kwa heshima, na kwa somo moja: safari haijaisha mpaka mguu wa mwisho umekanyaga nchi kavu. Anayeipanga hija aweke akili yake yote hapo kwenye hatua za mwisho.

Walipokuwa wakishukia kwenye mitumbwi

Wazee wetu waliowahi kusafiri Kigoma wanaifahamu meli ya Liemba. Iliundwa Ujerumani, katika mji wa Papenburg, mwaka 1913, ikafunguliwa vipande vipande, ikasafirishwa baharini na kwa reli hadi Kigoma, ikaingizwa majini mwaka 1915 kwa jina la Graf von Götzen. Wajerumani wenyewe waliizamisha mwaka 1916 ili isitekwe, Waingereza wakaiibua mwaka 1924, na mwaka 1927 ikaanza kazi tena kwa jina la Liemba. Kwa miaka mingi, kabla haijasimama kwa matengenezo, ilikuwa uti wa mgongo wa usafiri wa Ziwa Tanganyika kutoka Kigoma hadi Mpulungu nchini Zambia.

Lakini katika vituo vyake vingi hapakuwa na gati. Meli ilisimama majini, ikapiga honi, na mitumbwi ikatoka ufukoni ikigombania ubavu wake. Abiria alishuka kupitia mlango wa ubavuni akiwa ameshikwa mikono juu na chini, akisubiri wimbi lipandishe mtumbwi ili hatua iwe fupi. Akina mama walishushwa na watoto wao mgongoni. Mwenye mguu mmoja mzima alishushwa kama gunia, kwa upendo, lakini kama gunia.

Tunaisimulia habari hii kwa sababu mmoja wenu amependekeza kwamba siku moja tuende Karema, na pendekezo hilo lina uzito. Karema ni mahali patakatifu kwa historia ya Kanisa letu. Kituo hicho kilianzishwa na Wabelgiji mwaka 1879, nao Wamisionari wa Afrika, tunaowaita White Fathers, wakakipokea mwaka 1885. Huko ndiko alikotumikia Adrian Atiman, mtoto aliyetekwa utumwani Afrika ya Magharibi, akakombolewa, akasomeshwa utabibu Malta, akafika Karema mwaka 1889 akiwa katekista na tabibu, akawatibu watu hadi alipofariki mwaka 1956. Hakuna hija inayowafaa wagonjwa na vilema kuliko kwenda kusali alipolala tabibu huyo. Mwaka 2022 ujenzi wa bandari mpya yenye gati ulikamilika Karema. Tunaona fundisho hapo. Kituo kilichokuwa kigumu jana kinaweza kuwa chepesi kesho, kwa hiyo neno "haiwezekani" lisemwe baada ya kuuliza, si kabla.

Na kinyume chake ni kweli. Mwaka 2020, na tena mwaka 2024, maji ya Ziwa Victoria yalipanda isivyo kawaida, na mahali pengi palipokuwa pakavu pakawa maji. Anayekwambia "mimi nilishuka pale bila shida" akuambie pia ni mwaka gani.

Vituo vyetu, kimoja kimoja

Sasa tuipime orodha yetu.

Bukoba. Meli ya MV Victoria, iliyoanza kazi mwaka 1961, ilisimama mwaka 2014, ikakarabatiwa na kurudi majini mwaka 2020 ikiitwa New Victoria Hapa Kazi Tu. Huchukua abiria 1,200, na safari yake ni ya usiku kutoka Mwanza hadi Bukoba kupitia Kemondo. Bukoba ndiyo mwisho wa safari. Chombo kinalala pale, na wa polepole anaweza kushuka wa mwisho bila kufokewa. Kutoka bandarini hadi mjini si mwendo wa miguu kwa mgonjwa, lakini ni mwendo mfupi kwa gari au bajaji. Kanisa kuu ndilo lenye kaburi la Kardinali Rugambwa, ambaye alifariki Desemba 1997, na mwili wake ukahamishiwa humo mwaka 2012 kutoka Kashozi ulikokuwa umehifadhiwa. Kwa maneno mengine, jambo kuu la hija yetu liko mahali ambapo gari linafika. Bukoba ibaki.

Kemondo. Ni bandari nzuri, lakini kwetu ni kituo cha kupita. Hatuna ibada tuliyoipanga pale. Kushuka ili tu tuseme tulishuka ni kuwachosha watu bure. Tubaki melini, tusali rozari, tuwaangalie wapakiaji wakifanya kazi yao.

Kashozi. Hapa moyo unavutwa. Ndiyo misioni mama ya Bukoba, iliyoanzishwa na White Fathers mwaka 1892. Ni nje ya mji, kwa barabara, si kwa maji. Ikiwa tutapata gari lenye mlango mpana na ngazi fupi, na ikiwa tutailaza siku nzima Bukoba kabla ya kwenda, Kashozi inaingia. Ikiwa itabidi iende asubuhi ile ile tuliyoshuka melini, watu wakiwa hawajalala, tuiache. Uamuzi huo wasifanye vijana usiku wa kuamkia siku hiyo. Wafanye wenye mwendo mgumu wenyewe, baada ya chai.

Kagunguli. Tunajua kwamba baadhi yenu mtasikitika. Ni misioni ya zamani, na ndiko alikoishi Aniceti Kitereza, katekista na mwandishi wa Bwana Myombekere na Bibi Bugonoka, kitabu ambacho kila Mtanzania msomi angepaswa kukifahamu. Lakini tumekwisha kuhesabu: ni kupanda mara nne zaidi, kwenye vyombo viwili zaidi, kabla hata safari kubwa haijaanza. Ushauri wetu ni kwamba Kagunguli itolewe katika hija hii na iwekwe katika hija yake yenyewe, ya vijana, mwaka mwingine. Hiyo ni hasara, nasi hatusemi kwamba si hasara. Tunasema tu kwamba inafaa kuibeba pamoja badala ya kuwabebesha wachache.

Iko njia nyingine inayostahili kufikiriwa. Juni 2025 daraja la J. P. Magufuli kati ya Kigongo na Busisi lilifunguliwa, lenye urefu wa kilomita zipatazo 3 juu ya maji. Sasa mtu anaweza kutoka Mwanza kupitia Sengerema na Geita, akaendelea hadi Bukoba, bila kushuka kwenye gari ili avuke kwa kivuko pale Busisi. Kwa mwenye kiti cha magurudumu ambaye ngazi za chuma za meli ni ukuta kwake, barabara hiyo ni neema. Anaweza kwenda kwa gari na kutukuta Bukoba. Tunaomba jambo moja tu: asiende peke yake na dereva. Waende naye baadhi ya wazima, tena wale wanaojua kuimba, ili nalo gari lake liwe sehemu ya hija.

Hata kwenye mto Rhine

Huenda mtu akasema kwamba haya yote ni matatizo ya umaskini wetu, na kwamba kwa wenzetu wa Ulaya mambo yamekwisha kunyooka. Tuangalie mto Rhine huko Ujerumani, ambako meli za abiria hupita katikati ya miji yenye makanisa ya kale, na wengi wa abiria hao ni wazee.

Kituo kinachojulikana kuliko vyote ni Köln. Kanisa kuu lake linaonekana kutoka mbali, na ndani yake mna sanduku la dhahabu la masalia yanayoheshimiwa kama ya Mamajusi, yaliyoletwa kutoka Milano mwaka 1164. Mnara wake una ngazi 533. Lakini sanduku lenyewe halimo mnarani, limo ndani ya kanisa, mbele. Mwenye magoti mabovu anayeambiwa "Köln haikufai, ina ngazi mia tano" amedanganywa. Hana haja ya mnara. Anachopaswa kuuliza ni njia ya kutoka ukingoni mwa mto hadi uwanja wa kanisa, kwa kuwa kanisa liko juu ya usawa wa mto.

Mbele yake, ukipanda mto, kuna Koblenz, mahali mto Mosel unapoingia katika Rhine. Si maarufu sana kwa wageni wa mbali. Lakini ukingo wake ni tambarare, na kanisa la kale la Mtakatifu Kastor, lililowekwa wakfu mwaka 836, liko hapo hapo karibu na maji. Kisha kuna Rüdesheim, ambako wengi wangependa kumheshimu Mtakatifu Hildegard, aliyetangazwa Mwalimu wa Kanisa mwaka 2012. Masalia yake yako katika kanisa la parokia ya Eibingen, na kufika huko ni kupanda mlima. Kwa miguu, mwenye fimbo hawezi. Kwa gari, anaweza.

Na hata kwa wenzetu, gati si la kutegemewa kila siku. Msimu ukichanganya, meli mbili au tatu hufungwa ubavu kwa ubavu, na abiria wa meli ya nje hupita ndani ya nyingine, pengine kwa kupanda hadi sitaha ya juu na kushuka tena, ili wafike nchi kavu. Katika kiangazi cha mwaka 2018 na cha mwaka 2022 maji ya Rhine yalipungua sana, meli zikashindwa kupita sehemu nyingine, na abiria wakahamishiwa kwenye mabasi. Kupanda na kushuka kukaongezeka bila wao kutarajia. Fedha hupunguza ngazi, haziziondoi. Busara ya kuchagua kituo kwa kuutazama mguu badala ya sifa zake inahitajika huko kama inavyohitajika Nansio.

Wasemavyo wenye shaka

Tumesikia hoja tatu dhidi ya maoni haya, nazo zinastahili jibu.

Kwanza: kwamba si haki watu hamsini wapunguziwe vituo kwa ajili ya watu sita. Tungekubali kama hii ingekuwa safari ya utalii, ambapo kila mtu amenunua macho yake. Lakini hija ya parokia ni mwili mmoja unaosafiri. Katika Injili ya Yohane, sura ya tano, tunasoma habari za mtu aliyekuwa mgonjwa miaka thelathini na minane, amelala kando ya birika la Bethzatha. Kilio chake mbele ya Bwana hakikuwa juu ya ugonjwa wenyewe. Alilalamika kwamba hana mtu wa kumtia majini, na kwamba kila anapojikokota mwingine humtangulia. Wale waliomtangulia hawakuwa watu wabaya. Walikuwa na haraka tu, na kila mmoja alikuwa na sababu yake. Tusiende umbali wote huo hadi ziwani ili tukaigize sehemu yao.

Pili: kwamba wagonjwa wenyewe wamesema, "Nyie nendeni, sisi tuacheni." Ndugu zangu, tunawajua wazee wetu. Mzee wa kwetu akikaribishwa chakula mara ya kwanza husema ameshiba. Anasema hivyo kwa adabu, na kwa hofu ya kuwa mzigo. Kumwuliza mara moja, mbele ya watu, wakati orodha imekwisha kuandikwa, si kumwuliza. Aulizwe nyumbani kwake, na mtu anayemwamini, kabla ya orodha kuwapo. Akisema hapana hata hivyo, hapana yake iheshimiwe. Kanisa halimlazimishi mtu kusafiri. Hata katika Mwaka wa Jubilei wa 2025, wagonjwa na wazee walioshindwa kutoka nyumbani waliruhusiwa kupata rehema ya Jubilei kwa kuungana kiroho na mahujaji kutoka mahali walipo. Kubaki nyumbani kwa hiari ni sala. Kubakishwa ni jambo jingine.

Tatu: kwamba tuna watu wenye nguvu, tutawabeba. Hapa tunaomba utulivu. Wale wanne wa Injili ya Marko walimbeba mwenzao hadi wakatoboa dari, na Bwana akaiona imani yao. Kubeba ni tendo takatifu linapokuwa la lazima. Lakini tusipange safari ambayo mtu mzima, baba wa familia, atabebwa mara kumi mbele ya wajukuu wake, ilhali tungeweza kuchagua njia ambayo atabebwa mara moja au asibebwe kabisa. Anayebebwa ana aibu zake, na ana maumivu ambayo hayasemi. Kuchagua gati zuri ni namna ya kumbeba mtu bila kumshika.

Tutazame pia Lourdes, mahali ambapo mama yetu Bikira Maria alimtokea Bernadette mwaka 1858. Pale wagonjwa hawafuati nyuma ya maandamano. Hutangulia, wakisukumwa katika viti vyao na watu wa kujitolea ambao chama chao kilianza mwaka 1885. Mwendo wa maandamano yote unafuata magurudumu yao. Agosti 2004 Papa Yohane Paulo wa Pili alikwenda huko akiwa mgonjwa, hawezi kutembea, na alikwenda kama hujaji miongoni mwa wagonjwa. Hakuna aliyesema kwamba aliichelewesha hija.

Tunachoomba kifanyike

Tunaiomba halmashauri ya walei ifanye mambo yafuatayo kabla haijatangaza gharama.

Viongozi wa jumuiya wapite nyumba kwa nyumba, WAWATA kwa akina mama na UWAKA kwa akina baba, wawaulize wenye mwendo mgumu kama wangependa kwenda. Wasiwaulize "unaweza?" Wawaulize "unataka?" Habari ya kuweza tutaitafuta pamoja.

Anayetaka aeleze mwenyewe mambo manne: anaweza kupanda ngazi ngapi bila kupumzika; anaweza kusimama kwenye foleni kwa muda gani; anahitaji choo cha namna gani na kila baada ya saa ngapi; na nani angependa awe msaidizi wake. Habari ya choo inaonewa haya, lakini tunawahakikishia kwamba ndiyo inayowabakiza wazee nyumbani kuliko ngazi. Wengi huacha kunywa maji siku nzima ya safari ili wasimsumbue dereva, kisha huanguka kwa kizunguzungu.

Mtu mmoja atangulie Mwanza na Bukoba. Huyo asilete picha za makanisa. Alete majibu: ngazi ya meli ina vidaraja vingapi na ina pa kushika pande zote mbili au upande mmoja, chumba cha kulala kiko sitaha ya juu au ya chini, gari linaruhusiwa kufika hadi wapi bandarini, mlango gani wa kanisa hauna ngazi, na kivuli kiko wapi pa kungojea.

Wagonjwa wapite kwa daktari kabla ya kujiandikisha. Hospitali ya Mtakatifu Gaspari pale Itigi ni ya karibu nasi. Dawa za presha na kisukari zifungwe kwenye mfuko wa mkononi, si kwenye begi linalowekwa chini ya basi.

Na nauli ya msaidizi igawanywe na msafara wote. Kwa hesabu yetu, tukiiondoa Ukerewe, fedha za chombo cha Nansio na magari ya Kagunguli zitasaidia kulipia jambo hilo kwa sehemu kubwa.

Ndugu wapendwa, waliofyatua matofali ya kanisa tunalosalia leo ndio hao wenye magoti yaliyokwisha. Walichota maji, walibeba mawe, walitembea kwa miguu kutoka vigangoni wakati hapakuwa na bodaboda. Kama tutakwenda kumshukuru Mungu kwa kazi ya wamisionari wa Kashozi na Bukoba, haitakuwa sawa tuwaache nyuma waliofanya kazi hiyo hiyo hapa Mitundu.

Majina yaletwe kwa makatekista hadi Dominika ijayo. Karatasi itakuwa na sehemu mbili, na tunaomba sehemu ya juu iachwe kwa wanaohitaji msaidizi. Waandikwe wao kwanza. Sisi wengine tutajaza nafasi zitakazobaki.

Mungu awabariki nyote.